Tunafundisha kusema, nani anapima kama tumeeleweka?

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, saa za jioni watu wakiwa wamesharudi nyumbani. Mhusika aliyewakaa watu vichwani alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wapenzi njiani, ambaye UKIMWI ulikuja kumpata. Sehemu kubwa ya nchi ilimfuatilia. Dodoma hawakumsikia. Saa hizo hizo mtambo wa Dodoma ulikuwa unapiga muziki, wala haikuwa hitilafu ya fundi. Watafiti walikubaliana na redio kwamba eneo linalohudumiwa na mtambo huu liachwe nje kwa miaka miwili, ili baadaye waliousikia mchezo walinganishwe na ambao hawakuusikia. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa, na watafiti wakaangalia kama yaliyotokea kwingine yatatokea na huku.

Kwa sehemu kubwa yalitokea. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya utafiti huo ni Everett Rogers, yule yule aliyetoa mwaka 1962 kitabu kinachosomwa mpaka leo kuhusu namna mambo mapya yanavyosambaa katika jamii. Yeye na wenzake waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika kuliko hapa Dodoma, na kwamba wasikilizaji wengi walieleza kuwa wamepunguza wapenzi au wameanza kutumia kondomu. Ila kuna jambo moja katika matokeo yale ambalo mimi nalipa uzito kuliko hayo yote. Mchezo haukufanya kazi peke yake. Ulishika pale mke alipomgeukia mumewe baada ya kipindi wakalizungumza, na pale wanaume walipoanza kubishana kijiweni kuhusu Mkwaju. Kilichobadilisha watu kilipitia kwenye maongezi yao wenyewe.

Kuna mengi ya kubishania hapa. Je, ilikuwa haki kuwanyima watu wa mkoa mzima mchezo wenye elimu ya UKIMWI kwa miaka miwili, katika kipindi ambacho ugonjwa ule ulikuwa unazika vijana, ili tu wapatikane wa kulinganishwa nao? Na je, Dodoma ya ukame, mtama na ng'ombe inalinganishika kweli na Dar es Salaam au Mbeya? Mtu anaweza kukaa na maswali hayo mawili muhula mzima asiyamalize. Nimewahi kuwauliza wanafunzi kadhaa wa mawasiliano hapa mjini kama wanaujua utafiti huo. Mchezo waliufahamu, kwa masimulizi ya mama na shangazi zao. Utafiti hawakuujua, wala hawakujua kwamba mkoa wanaousomea umo kwenye majarida ya taaluma yao kama eneo la jaribio.

Siwalaumu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha pengo ninalotaka kulizungumzia. Vyuo vyetu vinafundisha vizuri kwa kiasi chake namna ya kutengeneza ujumbe: kuandika habari, kutangaza, kupiga picha, kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari, kusimama mbele ya kamera bila kutetemeka. Namna ya kujua kama ujumbe umeeleweka, na nani, na kwa maana gani, inapewa kozi moja ya mbinu za utafiti mwaka wa mwisho, ambayo wengi wanaivuka kwa madesa. Nchi imejaa wasemaji. Watu wa kwenda kuangalia kilichobaki kwa msikilizaji ni haba.

Sehemu ya sababu ni mlango ambao fani hii ilipitia kuingia nchini. Marekani, mwaka 1914, kikundi cha walimu wa hotuba kilijitenga na walimu wenzao wa Kiingereza, kikaunda chama chake. Baadaye wakaja wanasosholojia, wanasaikolojia na watu wa redio, na baada ya Vita Kuu ya Pili Wilbur Schramm akawa miongoni mwa walioyapa mawasiliano idara zake chuoni. Kwa hiyo kule fani ilikuwa na mizizi mingi tangu mwanzo: mazungumzo ya watu wawili, hotuba, propaganda, saikolojia ya kundi. Kwetu iliingia kwa mlango wa uandishi wa habari. Nyegezi, Mwanza, Wakatoliki walianzisha kituo chao cha mafunzo mwaka 1960, ambacho ndicho kilikuja kuzaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Dar es Salaam kikaja Chuo cha Uandishi wa Habari mwaka 1975, kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Yalikuwa mahitaji halali: taifa changa lilitaka waandishi. Lakini mzazi wa leo akisikia mwanawe anasomea mawasiliano, swali la kwanza ni utatangaza redio gani. La pili, akiwa mkweli zaidi: kuongea nako kunasomewa?

Kunasomewa, na jibu la kwa nini halipatikani kwenye muhadhara wa kwanza. Muhadhara wa kwanza karibu kila mahali ni mchoro wa visanduku: mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji, na kelele ikiingilia katikati. Mchoro huo umetokana na kazi ya Claude Shannon, mhandisi wa maabara za simu za Bell, aliyeichapisha mwaka 1948. Tatizo lake lilikuwa namna ya kupitisha ishara nyingi kwenye waya bila kupotea njiani, na alilitatua kwa akili ya ajabu; simu uliyoshika sasa hivi inamdai shukrani. Ila Shannon aliandika mwanzoni kabisa mwa kazi yake kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo la mhandisi. Alikuwa mwaminifu. Sisi tukauchukua mchoro ambao mwenyewe aliuondoa maana makusudi, tukawapa vijana wa mwaka wa kwanza kama picha ya binadamu wanavyoelewana. Baadaye wanaongezewa kisanduku cha mrejesho, wanafanya mtihani, wanasahau.

Halafu kuna Stadi za Mawasiliano. Aliyepita chuo kikuu chochote nchini anaijua: kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika, mhadhiri mmoja na kipaza sauti kinachokoroma. Inafundisha kuandika muhtasari wa muhadhara, kusoma kwa haraka, kupanga insha, kunukuu vyanzo. Vyote vina faida. Lakini tuiite kwa haki yake: ni kozi ya kumnusuru mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaihangaikia sekondari kwa Kiingereza, na sasa anatakiwa kuandika tasnifu. Mwanafunzi anatoka humo akiamini kwamba kuwasiliana vizuri ni kutokosea Kiingereza. Anayesomea udaktari, ualimu au sheria hapewi kozi nyingine ya mawasiliano yenye uzito huo mpaka anahitimu.

Matokeo yake yanaonekana mbali na chuo. Chukua dirisha la dawa, popote. Bahasha ndogo ya karatasi, juu yake imeandikwa 1×3. Mtoa dawa anasema "moja mara tatu, bibi," anaita mwingine. Bibi anaitikia ndiyo. Anaweza kwenda nyumbani akameza kimoja asubuhi, mchana na jioni. Anaweza pia kumeza vitatu kwa mpigo, kwa sababu hata hilo ni moja mara tatu. Au akameza siku mbili, akapata nafuu, akamwekea mjukuu vilivyobaki. Mwenye dirisha hatajua, kwa kuwa "ndiyo" ya bibi ilikuwa ya heshima, haikuwa taarifa kwamba ameelewa. Wenzetu wa tiba wana mbinu nyepesi ya kushughulikia hili: mgonjwa anaombwa aeleze mwenyewe, kwa maneno yake, atakavyozitumia dawa akifika nyumbani. Kinachopimwa pale ni maelezo ya mtoa huduma. Akikosea bibi, aliyeshindwa ni mweleza. Inachukua dakika moja, na ni elimu ya mawasiliano iliyokamilika kuliko mhadhara mzima wa visanduku.

Ile "ndiyo" ya heshima ndiyo inayoharibu pia tafiti zetu, na hapa nataka nikae kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapata barua ya utambulisho ya chuo, anapita kwa Katibu Tawala, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji. Ana hojaji aliyoitunga kwa Kiingereza, akaitafsiri usiku wa kuamkia safari. Anafika Mvumi au Bahi, anakaribishwa kiti, anaanza: je, unakubali sana, unakubali, huna uhakika, hukubali, au hukubali kabisa kwamba taarifa za halmashauri zinakufikia kwa wakati? Mwenyeji wake ni mzee wa Kigogo aliyelelewa kumpa mgeni kilicho bora nyumbani. Mgeni ameletwa na mwenyekiti, ana karatasi yenye muhuri, na inaelekea anataka kukubaliwa. Mzee anakubali. Anakubali sana. Majibu 80 ya namna hiyo yanaingizwa kwenye kompyuta, yanatoka asilimia zenye nukta, na tasnifu inahitimisha kwamba mawasiliano ya halmashauri ni mazuri.

Kilichotokea pale ukumbini kwa mzee ni tukio la mawasiliano lenyewe, na lilistahili kuandikwa kuliko asilimia zote. Nani alisalimia kwanza? Mzungumzaji mmoja alisema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, au walianza moja kwa moja na shikamoo? Mwenyekiti alikaa hapo hapo akisikiliza au aliondoka? Mzee alijibu baada ya kimya cha muda gani, na mkewe, aliyekuwa jikoni akisikia kila kitu, alicheka kwenye swali lipi? Mwanafunzi alikuwepo akayaona yote, ila hakuna aliyemfundisha kwamba hayo ni data. Alifundishwa kwamba data ni vema kwenye kisanduku.

Najua hoja itakayokuja: watoto wanatafuta ajira, wana mkopo wa Bodi ya Mikopo wa kulipa, na mwenye redio haajiri mtu wa kuchunguza vicheko vya jikoni. Ni kweli kwa redio. Lakini tazama miradi mingapi ya afya, kilimo, maji na lishe ina makao yake mjini hapa au inapita hapa kutafuta kibali, na kila mmoja una nafasi ya mtu wa ufuatiliaji na tathmini. Nafasi hizo mara nyingi wanachukua wahitimu wa takwimu na uchumi, ambao wanajua kuhesabu vizuri sana na hawakufundishwa kusikiliza. Upande wa pili, ile kazi ambayo mhitimu wetu ameandaliwa kuifanya, ya kuandika taarifa ya kurasa mbili kwamba mgeni rasmi amewataka wananchi kuchangamkia fursa, sasa programu ya akili unde inaiandika wakati chai inapoa. Sioni kwa nini tuendelee kumfundisha mtu miaka mitatu ashindane na hiyo.

Na mji wenyewe umebadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa mwaka 1973, ukalala miongo minne, ukaamshwa 2016. Leo Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuna wizara karibu zote, Bunge liko hapa, na kila wizara ina kitengo chake cha mawasiliano. Maneno yanayotoka mjini hapa kwenda kwa Watanzania zaidi ya milioni 61, kwa sensa ya 2022, ni mengi kuliko wakati wowote. Ripoti za kampeni za elimu kwa umma, za serikali na za mashirika, zina jedwali linalofanana: mikutano iliyofanyika, vipeperushi vilivyogawiwa, vipindi vilivyorushwa, watu "waliofikiwa". Safu ya walioelewa haimo. Sisemi kwamba maofisa wa vitengo hivyo ni wavivu. Wanajaza jedwali waliloletewa, na walipokuwa chuoni hawakuwahi kuonyeshwa jingine.

Cha kushangaza ni kwamba tuliwahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nchi nzima. Kipindi kilirushwa, kikundi kikakaa chini ya mti na kijitabu na kiongozi wake, kikajadili, kikaamua la kufanya kijijini kwao. Na waliofuatilia hawakuishia kuuliza watu maswali. Walihesabu vyoo vilivyochimbwa. Kwa mtu wa mawasiliano huo ni mpango wa kuvutia mno: wenye kampeni walijua kwamba redio pekee haitoshi, wakayaweka mazungumzo ndani ya mpango wenyewe, kisha wakapima kwa kitu kinachoonekana kwa macho. Sijui ni kozi ngapi zinaufundisha, lakini wazee walioongoza vikundi vile wanazidi kupungua, na mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi anaweza kuwafikia wengine kwa nauli ya daladala.

Sasa niongelee eneo lenyewe, maana hapa ndipo Dodoma inapovizidi vyuo vingi duniani bila kujitambua. Safiri kaskazini kupitia Chemba mpaka Kondoa na Babati. Katika umbali ambao basi linaumaliza kwa saa chache utakuta Kigogo na Kirangi, lugha za Kibantu. Kiburunge na lugha ya Waasi wa maeneo ya Kolo, ambazo ni za Kikushi. Wabarbaig na Wamasai wenye lugha za Kiniloti. Na upande wa Farkwa na Kwa Mtoro, Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, sauti za kualisha ulimi, na haijapata ndugu wa uhakika popote jirani. Wanaisimu wanaijua sana kona hii, kwa sababu sehemu nyingine ambapo makundi yote haya yanaishi mlango kwa mlango hakuna Afrika nzima. Wanatoka Ujerumani na Uingereza kuja kuandika sarufi zake. Michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, inaonyesha kwamba watu wa hapa wamekuwa wakiwekeana alama kwa muda mrefu sana.

Sarufi ni kazi ya wanaisimu. Swali la mtu wa mawasiliano ni jingine: watu hawa wanaelewanaje mnadani? Msandawe anauza mbuzi, Mbarbaig ananunua, dalali ni Mrangi, na mazungumzo yanaanza kwa Kiswahili, yanahamia kwenye vidole, yanarudi, anaitwa mtu wa pembeni kushuhudia. Bei inakubaliwa bila karatasi. Nani anabadilisha lugha kwanza, na anapobadilisha anajishusha au anajipandisha? Vitabu wanavyosoma vijana wetu vina sura nzima za mazungumzo ya kibiashara baina ya Wajapani na Wamarekani. Mnada wa Msalato uko jirani na mji, nyama ikiwa tayari, na hauna hata aya.

Chukua na utani. Mgeni akifika msibani Tanzania akakuta mtu wa kabila jingine anamtukana marehemu, anataka alipwe fedha ndipo jeneza lipite, na wafiwa wanacheka huku wanalia, atadhani kumeharibika. Kumbe ndipo mambo yanapotengemaa. Mwaka 1944 R. E. Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, na kinachofurahisha ni kwamba Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege, aliyefanya kazi kituo cha Amani, Usambara. Mtu wa ndege aliona kuna jambo la kuchunguzwa kwenye matusi yetu. Nadharia za adabu zinazofundishwa darasani zinasema watu hulinda heshima ya wenzao kwa kupunguza makali ya maneno. Utani unafanya kinyume, unaongeza makali ili ukaribu uonekane, na unafanya hivyo kati ya makabila ambayo babu zao walipigana. Nadharia inayoshindwa kueleza jambo la kawaida namna hiyo kwa watu mamilioni inahitaji kurekebishwa, na wa kuirekebisha yuko hosteli, kwenye vilima vya mashariki ya mji ambako Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, anakariri nadharia kama ilivyo.

Liko pia suala la wasioona na viziwi, ambalo nalipitia tu kwa haraka ingawa lina utajiri. Chamwino, mwendo mfupi kutoka mjini, kuna shule ya wasioona ya Buigiri. Vitabu vinatuambia kwamba watu hupeana zamu ya kuzungumza kwa kutazamana machoni. Nenda ukae na watoto wa Buigiri wakibishana mpira, uone zamu zinavyokwenda.

Kikwazo kimoja cha kweli ni lugha ya kuandikia. Mwanafunzi anarekodi mazungumzo ya Kiswahili na Kigogo, kisha lazima ayachambue kwa Kiingereza, na humo njiani utani unakuwa matusi, "haya bwana" ya kukata tamaa inakuwa ya kukubali. Wenzake wa idara za Kiswahili wanaandika tasnifu kwa Kiswahili mpaka uzamivu na mbingu haijaanguka. Tarehe 1 Februari 2021, hapa hapa Dodoma, katika Siku ya Sheria, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwezi huo huo sheria ikabadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ikiwa hukumu inayoweza kumfunga mtu inaandikika kwa lugha ya anayefungwa, uchambuzi wa mazungumzo ya mnadani unaandikika pia. Bado mazoea yanavuta kwingine, na wahadhiri wengi wanaogopa mtahini wa nje kuliko wanavyoogopa data iliyopotea.

Kama ningepewa kupanga kazi moja ya mwaka wa mwisho kwa darasa la mawasiliano mjini hapa, ningechagua mvua. Dodoma ina msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka inapata kiasi cha milimita 570 tu, kwa hiyo mkulima akikosea mbegu au tarehe hana msimu wa pili wa kujirekebisha. Kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa mwelekeo: maeneo haya yanatarajiwa kupata mvua za wastani hadi chini ya wastani, yale wastani hadi juu ya wastani. Nyuma ya maneno hayo kuna rekodi za miaka mingi na hesabu za uwezekano. Taarifa inasomwa redioni, inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, bwana shamba anaipeleka kijijini, mchungaji anaitaja kanisani, na mzee anayetazama miti na upepo ana mwelekeo wake.

Wanafunzi 20 wagawanywe vijiji vinne vya Bahi na Chamwino, wakae kabla taarifa haijatoka. Waandike kila kaya imepanga kupanda nini, mahindi au mtama au uwele, na kwa nini. Taarifa ikitoka, wasiulize kama watu wameisikia. Waombe kila mmoja aisimulie kama alivyoipata, na aseme aliipata kwa nani. Wafuate njia hiyo mtu kwa mtu, kutoka redioni hadi kwenye jembe, waone ni wapi "chini ya wastani" imegeuka "hakuna mvua mwaka huu" na ni wapi imegeuka "Mungu anajua". Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walijenga jina mwaka 1955 kwa kuonyesha kwamba taarifa za vyombo vya habari huwafikia wengi kupitia watu wachache wanaoaminiwa mtaani kwao. Walifanya hivyo katika mji mmoja wa Illinois, wakiuliza kina mama kuhusu sokoni, mitindo ya nguo, sinema na siasa. Hapa swali lingekuwa chakula cha mwaka mzima.

Januari darasa lirudi vijijini, liangalie kilichoota. Gharama ni nauli, posho ya kula, daftari na ruhusa ya mkuu wa idara kuyahesabu majuma hayo kama mafunzo kwa vitendo, badala ya kuwapeleka wote wakakae kwenye vyumba vya habari ambako mara nyingi wanatumwa kununua vocha. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili, nakala moja ipelekwe kwa wanaotunga taarifa za hali ya hewa, nyingine isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, wenye mashamba wakiwepo kusema palipokosewa.